Masomo kwa intaneti: mwalimu asiye na mega atafikiwa namna gani?

Kiungo kinatumwa asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la walimu: webinari juu ya namna ya kufundisha watoto kusoma, saa nane ya Kinshasa, ni kusema saa tisa ya Goma na Bukavu. Mwalimu wa mjini mwenye simu ya kioo na pesa za kununua mega anabonyeza na kuingia. Mwenzake wa Shabunda ama Walikale anauona ujumbe huo kisha siku mbili, wakati amepanda kilima ambako reso inapatikana. Webinari imekwisha kitambo.

Hali hiyo inajulikana na wengi wanaofanya kazi ya elimu mashariki mwa Congo. Tangu mwaka 2020 mafunzo kwa njia ya intaneti yameongezeka. Yanaokoa pesa za usafiri, na yanavuka barabara ambazo hazipitiki ama hazina usalama. Ni jambo jema. Lakini mashine ikiachwa peke yake inamsaidia zaidi yule ambaye tayari ana kitu, na inamsahau yule ambaye mafunzo yalitengenezwa kwa ajili yake: mwalimu wa kijijini, mtoto aliyeacha shule kwa sababu ya vita, mama ambaye hajawahi kuandika jina lake.

Kuna njia za kuzuia jambo hilo. Zimekwisha kujaribiwa, zingine hapa Congo, zingine kwa majirani.

Corona ilituonyesha nini

Tarehe 18 Machi 2020, siku chache kisha ugonjwa wa COVID-19 kutangazwa nchini, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa mashule. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi mwezi wa nane, wengine walingoja mwezi wa kumi. Mashule yalifungwa tena mwezi wa kumi na mbili, mpaka Februari 2021. Watoto wengi walipoteza karibu mwaka mzima.

Katika miezi hiyo njia mbili zilijaribiwa. Ya kwanza ilikuwa ya intaneti. Kampuni ya Vodacom, pamoja na wizara ya elimu, ilisukuma mbele jukwaa la VodaEduc, lenye masomo ya shule ambayo mteja wake anaweza kuyafungua bila kukatwa mega. Ya pili ilikuwa redio. Radio Okapi, ikisaidiwa na UNICEF na wizara, ilirusha kipindi cha masomo kilichoitwa Okapi École.

Kwa mtoto wa Kinshasa ama Lubumbashi mwenye mzazi mwenye simu nzuri, njia ya kwanza ilikuwa na faida kubwa. Kwa mtoto wa Idjwi ama wa Fizi, redio ndiyo ilikuwa na nafasi ya kumfikia. Redio haiombi nywila, haiombi mega, na betri mbili zinaiendesha kwa siku nyingi. Tena watoto kumi wanaweza kuisikiliza pamoja.

Lakini redio nayo ilikuwa na ukosefu wake. Mtoto anasikiliza, hawezi kuuliza. Asipokuwa na mtu mkubwa karibu wa kumwambia “andika hapa, rudia hapa”, somo linapita kama wimbo. Somo hilo la mwaka 2020 ndilo la kushika: chombo kinabeba sauti ya mwalimu mpaka mbali, lakini lazima kuwe na mtu mahali pale anapofika.

Hesabu ya mega

Tuongee kuhusu pesa, kwa sababu hapo ndipo mambo mengi yanakwama. Mkutano wa Zoom wa saa moja wenye video, watu wengi wakiwa ndani, unaweza kula megabaiti 800 na zaidi. Mwalimu anayefuata webinari nne kwa mwezi anaweza kumaliza zaidi ya gigabaiti tatu. Kwa mwalimu ambaye bado hajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wale wanaoitwa N.U., hiyo ni pesa ya chakula cha nyumbani.

Sasa tuchukue somo lilelile kwa sauti tu. Ujumbe wa sauti wa dakika kumi na tano kwenye WhatsApp hauzidi megabaiti chache. Mwalimu anaupokea wakati reso iko, anausikiliza usiku nyumbani, anaurudia mara tatu kama hakuelewa. Tena anaweza kuutuma kwa mwenzake.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji reso hata kidogo. Kila mtu anawajua vijana wa sokoni wenye kompyuta ndogo wanaoweka miziki na filamu kwenye kadi memori. Kadi ya gigabaiti 8 inaweza kubeba zaidi ya saa 200 za masomo ya sauti, na inaingia hata kwenye simu ndogo ya vibonye yenye nafasi ya kadi. Kama nyimbo zinafika kila kijiji kwa njia hiyo, masomo nayo yanaweza kufika.

Umeme ni hesabu nyingine. Congo nzima, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye ana umeme nyumbani. Bukavu inapata umeme wa mabwawa ya Ruzizi, lakini mitaa mingi inajua kukaa gizani. Goma inapata pia umeme wa Virunga, kutoka Matebe. Ukitoka nje ya miji, watu wanategemea sola na mahali pa kuchajisha simu kwa malipo. Mpango wowote wa masomo kwa simu ambao haukusema nani atachaji simu, wapi na kwa pesa gani, ni mpango ambao haujakamilika.

Mama na ujumbe wa pesa

Kifungu cha 44 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema kwamba kuondoa hali ya kutojua kusoma na kuandika ni kazi ya taifa nzima, na kwamba serikali lazima itengeneze mpango maalum kwa ajili hiyo. Kazi ya kufundisha watu wazima iko chini ya wizara ya Mambo ya Kijamii, na kwa kweli vituo vingi vya alfabetizasio vinasimama kwa nguvu za makanisa, mashirika na walimu wa kujitolea.

Kwa nini mama wa miaka 40 atoke shambani na kwenda kituoni jioni? Zamani jibu lilikuwa kusoma Biblia na kuandika barua. Leo simu imeongeza sababu. Pesa zinatumwa kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Ujumbe unaingia, mara nyingi kwa Kifaransa, wenye tarakimu nyingi. Mama asiyejua kusoma anampa mtu mwingine simu amsomee, na wakati mwingine anamwambia hata namba yake ya siri. Hapo anaweza kuibiwa bila kujua aliyeiba. Ni vilevile kwenye vikundi vya akiba, zile AVEC zilizo karibu kila kijiji cha Kivu: asiyejua kusoma anategemea karani kwa kila faranga iliyoandikwa kwenye kitabu chake.

Kwa sababu hiyo, simu ni kitabu cha kwanza ambacho watu wengi wazima wana hamu ya kukisoma. Na jambo hilo limepimwa. Nchini Niger, kuanzia mwaka 2009, watafiti Jenny Aker, Christopher Ksoll na Travis Lybbert, pamoja na shirika la Catholic Relief Services, walifuata masomo ya watu wazima katika vijiji 113. Vyote vilipata mwalimu na masomo ya kawaida kwa Kihausa na Kizarma. Katika sehemu moja ya vijiji hivyo, wanafunzi walipewa pia simu ndogo za kutumia kwa zamu, simu moja kwa watu watano, wakafundishwa kutambua namba na herufi kwenye vibonye na kutuma ujumbe mfupi.

Wale wa simu walipata alama za juu kuliko wenzao, kwa kuandika na kwa hesabu. Miezi saba kisha masomo kufungwa, tofauti kwa hesabu ilikuwa bado iko. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Kijijini hakuna magazeti wala vitabu kwa lugha ya pale, hivyo mtu anajifunza herufi halafu anazisahau kwa kukosa kitu cha kusoma. Simu inamrudishia herufi kila siku, kila anapopokea ujumbe wa ndugu yake.

Tuangalie vizuri: hazikuwa tablete wala simu za gali, na mwalimu hakuondolewa. Simu iliongezwa juu ya darasa lililokuwa tayari linafanya kazi.

Tablete za Tanga

Jaribio lingine linatuhusu zaidi, kwa sababu lilifanywa kwa Kiswahili. Mwaka 2014 shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano la dola milioni 15, pesa zilizotolewa na Elon Musk: nani atatengeneza programu ambayo mtoto anaweza kujifunza nayo kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu? Programu tano zilizofika mwisho zilijaribiwa na karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania, pamoja na UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na serikali ya nchi ile. Kampuni ya Google ilitoa tablete, na vijijini kukawekwa mahali pa kuzichaji kwa nguvu za jua.

Mwanzoni, zaidi ya watoto 90 kwa mia hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na wengi wao hawakuwa wameingia shuleni kamwe. Kisha miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi wa tano 2019, programu mbili, Kitkit School na ya onebillion, ziligawana zawadi ya kwanza ya dola milioni 10. Programu zote tano ziliachwa wazi ili mtu yeyote azitumie.

Habari hiyo ina pande mbili. Upande mmoja, maelfu ya watoto wa vijijini wanaosema lugha yetu walipata njia ya kujifunza ambayo hawakuwa nayo. Upande mwingine, pamoja na pesa zote hizo, karibu nusu ya watoto walikuwa bado hawawezi kusoma neno. Tablete ilifanya kazi yake mpaka mahali fulani, ikasimama. Kuanzia pale mtoto anahitaji mtu.

Hata UNESCO, katika ripoti yake ya mwaka 2023 juu ya elimu duniani iliyohusu teknolojia, ilikumbusha kwamba chombo hakiwezi kuchukua nafasi ya mwalimu, na kwamba kabla ya kununua, nchi ijiulize kwanza kinamsaidia nani.

Sanduku lisilongoja reso

Wakongomani wengi wana ndugu katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya hapa kwetu. Ni moja ya mahali ambapo HCR na mfuko wa Vodafone wameweka mashule yenye vyombo vya kidijitali, kazi waliyoianza mwaka 2013 na ambayo iko pia katika kambi za kaskazini mwa Congo zenye wakimbizi wa Afrika ya Kati. Katika mpango huo kulitengenezwa sanduku la kilo 52: ndani yake kompyuta moja, tablete 25 zenye masomo tayari, projekta, spika na modemu. Linachajiwa, linafunguliwa, darasa linaanza, hata kama umeme umekatika.

Si kila shule itapata sanduku la namna hiyo, lakini wazo lake linaweza kuigwa kwa bei ndogo. Programu iitwayo Kolibri, inayotolewa bure, inaweka maktaba nzima ya masomo kwenye kompyuta moja, na simu zilizo karibu zinaifungua bila intaneti. Kiwix inafanya vilevile kwa Wikipedia. African Storybook ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, zenye picha, ambazo mtu anaruhusiwa kuzishusha na kuzichapisha. Mtu mmoja anazishusha mjini mara moja, anaziweka kwenye flashi, motari anazifikisha.

Na kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, shirika la Ensemble pour la Différence lilifungua Pamoja Net, mtandao wa jamii ambao wakaaji wenyewe waliutumia pamoja. Ulionyesha kwamba kisiwa kisingoje kampuni kubwa pekee.

Webinari inayofika kijijini

Je, webinari ziachwe? Hapana. Vita imeongeza sababu za kuzitunza. Tangu Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, mstari wa mbele unatenganisha walimu ambao zamani walikutana kwenye formasio moja, kwenye chumba kimoja, wakala chakula pamoja. Wengine wako kambini ama kwa jamaa, mbali na shule zao. Kwa wengi wao mkutano wa intaneti ndio mahali pekee wanapoweza bado kusikilizana juu ya kazi yao. Jambo la kubadilisha ni namna webinari inavyotengenezwa.

Congo ina mfano wa kufuata. Mpango wa IFADEM, wa mashirika ya nchi zinazosema Kifaransa OIF na AUF, uliofundisha walimu wa shule za msingi huko Katanga, haukutegemea kioo pekee. Uliunganisha vitabu vilivyochapishwa, mikutano ya uso kwa uso, na msaidizi aliyefuata kikundi chake cha walimu. Tena mashule yetu yana tayari REP, mikutano ya shule za jirani ambako walimu wanabadilishana maarifa. Webinari ikiunganishwa na REP inapata miguu.

Kwa wale wanaotayarisha mafunzo, mambo haya yanaweza kuanza hata mwezi kesho:

Kwanza, mtu mmoja kwa kila REP aingie kwenye webinari, na mega zake zilipwe na mwenye kuandaa, si na mwalimu. Jioni yake ama mwisho wa juma, awakutanishe wenzake na kuwaeleza kwa mdomo na kwa ubao.

Pili, kila webinari itolewe pia kwa sauti, ikatwe vipande vya dakika kumi, itumwe kwenye WhatsApp na kuwekwa kwenye kadi memori. Karatasi moja yenye mambo makubwa ifuate, ili ipigwe picha ama ichapishwe.

Tatu, video izimwe kama si ya lazima. Uso wa msemaji unakula mega na haumfundishi mtu kitu.

Nne, saa iandikwe wazi, ya Kinshasa na ya huku kwetu, na mkutano usiwekwe wakati ambapo mwalimu mwanamke yuko kisimani ama jikoni. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na baba ndiye anaishika. Ukitaka wanawake waingie, waulize kwanza ni saa gani simu iko huru.

Tano, redio za jamii zihusishwe. Somo la webinari likirushwa kwa redio, litamfikia hata mzazi, na mzazi akijua mwalimu anafanya nini atamsaidia mtoto nyumbani.

Sita, watoto walindwe. Picha zao, majina yao na mahali wanapolala wakimbizi visiwekwe kwenye makundi ya WhatsApp. Hatujui ujumbe utaishia kwa nani.

Lugha ya kufundishia

Jambo moja bado. Webinari nyingi zinafanywa kwa Kifaransa, hata pale somo lenyewe ni namna ya kufundisha kusoma kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za kitaifa kutumika kufundishia, na Kiswahili ni moja ya lugha nne hizo. Mradi wa ACCELERE!, uliolipwa na Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kusoma kwa Kiswahili, Lingala na Tshiluba kwa madarasa ya kwanza. Marekani imefunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025. Vitabu vilivyochapishwa vinazeeka na kupasuka mikononi mwa watoto, lakini nakala zilizo kwenye kompyuta zinaweza kubaki, kama kuna mtu anayezitunza na kuzigawa.

Mwalimu akieleza kwa Kiswahili kile cha huku, chenye “kalasi” na “mashule” yake, mwenzake wa Kalehe ataelewa mara moja, atauliza, atapinga. Akielezwa kwa Kifaransa cha vitabu atanyamaza mpaka mwisho, halafu ataandika “merci beaucoup” na kutoka.

Simu ziko. Redio ziko. Walimu wako, hata wale ambao mshahara wao haujafika. Mwenye kuandaa webinari ijayo anaweza kuanza na ulizo moja dogo kabla ya kutuma kiungo: yule ambaye hataweza kukibonyeza, nani atampelekea somo, siku gani?